Matroni na Shamba la Mama Nyangeta

Matroni alikuwa akibisha hodi kwenye chumba chake mwenyewe. Aliishi peke yake, ndani hakuna mtu, ufunguo anao mkononi, lakini kabla ya kuuingiza kwenye kitasa alisimama, akagonga mlango, akasema, "Hodi." Halafu akangoja kidogo, kama mtu anayempa mwenyeji nafasi ya kuvaa kanga.

Sisi wasichana wa bweni tulikuwa tunabana vicheko dirishani. Siku moja mmoja wetu alithubutu kumuuliza anamwomba nani ruhusa.

"Nyoka," alisema. "Nyoka akisikia hodi anatafuta pa kutokea."

Tukalikubali jibu hilo. Lakini hata baadaye, alipokuja kukaa kwenye chumba cha sakafu ya saruji chenye dari, mahali ambapo nyoka angehitaji ngazi, aliendelea kubisha.

Bweni letu lilikuwa Mwisenge, Musoma mjini. Lilikuwa mali ya kanisa, na lilipokea wasichana waliotoka vijiji vya mbali kuja kusoma sekondari. Mimi nilitoka Murangi, kandokando ya ziwa. Matroni hakuwa mwalimu wala mtawa. Kazi yake ilikuwa kutulaza, kutuamsha, kututibu malaria na kutupatia chakula katika miaka ambayo chakula kilitafutwa kwa ujanja. Jina lake lilikuwepo, nimewahi kuliona, lakini sijawahi kusikia mtu akimwita nalo. Mji mzima ulimwita Matroni. Hata alipoacha kuwa matroni wa mtu yeyote, jina hilo lilimng'ang'ania.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka na sauti iliyozidi mwili wake. Hakupenda kushikwa. Ukimpa mkono aliupokea na kuurudisha upesi, kama umempa kikombe cha moto. Hakupenda kushukuriwa pia. "Sitaki asante, nataka umalize," alisema, akimaanisha uji, au dawa, au sala. Na ukimsalimia huku umebeba ndoo kichwani alikukatiza: "Weka chini kwanza. Shikamoo yenye ndoo siitaki."

Ile ilikuwa miaka ya kupanga foleni. Duka la ushirika lilifunguliwa rafu zikiwa tupu, na muuzaji amekaa katikati yake kama mlinzi wa makaburi. Sukari ilikuwa habari ya kusimuliana. Sabuni tuliisikia harufu yake kwa watu waliotoka Kenya kwa njia ya panya. Nguo zetu tulifua kwa majivu na kwa majani ya mpapai, na Matroni alizipitia moja moja kwenye kamba akinusa makwapa. Kwa mambo ya usafi hakuwa na huruma. Lakini nakumbuka mwenzetu mmoja alipokojoa kitandani kwa homa, Matroni mwenyewe aliyabeba mashuka ya yule mgonjwa asubuhi mapema akaenda kuyafua ziwani, yeye ambaye aliliogopa ziwa. Alikulia bara, kwenye mawe na ng'ombe huko Butiama, na maji yaliyopita magoti hakuyaamini.

Kitu kingine hakukifanya kamwe: kutuhesabu. Kila jioni kabla ya taa kuzimwa ilikuwa kazi yake kujua kama wote tumo. Mkuu wa bweni aliyemtangulia alikuwa akihesabu vichwa. Matroni alisimama mlangoni, akatutazama kitanda kwa kitanda, basi.

"Kwetu hata ng'ombe hatuwahesabu," alituambia. "Tunawatazama. Asiyekuwepo anaonekana."

Kwa sababu hiyo, mwenzetu Nyangeta alipobaki Ulaya, Matroni ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua.

Inabidi nieleze tulivyofika huko. Kanisa letu lilikuwa na urafiki na kanisa la mji mmoja mdogo Uswidi. Kila baada ya miaka michache, wakati kwao shule zimefungwa kwa kiangazi, walikuja vijana wao, wengine rika letu. Walipaka rangi shule, walichimba msingi wa zahanati, waliungua pua, walilia siku ya kuaga, wakaondoka. Tuliwapenda na tulichoka nao. Halafu mwaka mmoja kanisa lile likasema: sasa ni zamu yenu, leteni vijana wenu wafanye kazi kwetu. Wazee wa kanisa Musoma walidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Tulichaguliwa wasichana sita wa bwenini, na Matroni akapewa kazi ya kutuongoza, kwa sababu hakuna mzazi aliyekubali kumtoa binti yake bila yeye.

Mama yake Nyangeta naye alikataa kwanza. Alikuwa mjane, jirani yetu pale Murangi, na Nyangeta ndiye mtoto aliyebaki naye nyumbani. Matroni alimfuata huko huko. Alikaa kwenye kigoda mlangoni kwa mama yule na kumwambia, "Nampokea hapa, nitamrudisha hapa." Mama akakubali. Nilikuwepo, nimekaa na Nyangeta nyuma ya jiko, tunashikana mikono kwa furaha.

Kazi tuliyopewa Uswidi ilikuwa kusafisha makaburi ya kanisa, kupaka rangi uzio, na kusaidia kwenye nyumba ya wazee. Asubuhi tulifanya pamoja na vijana wa pale, wale wale waliowahi kuchimba msingi wa zahanati kwetu. Mkalimani wetu alikuwa mama mmoja wa kwao aliyewahi kuwa muuguzi huku Mara, Kiswahili chake kizuri kuliko chetu. Jua halikutaka kuzama. Matroni aliziba madirisha kwa mablanketi na kutangaza kwamba ni usiku, na sisi tukalala.

Sasa nitasema jambo ambalo wengi hawakulijua. Matroni alikuwa na furaha kule. Sijawahi kumwona vile kabla wala baada. Kwenye ile nyumba ya wazee kulikuwa na babu mmoja ambaye kila asubuhi alivaa tai, akavaa kofia, akatoka kukaa kwenye benchi la basi nje ya geti. Basi lilikuja, yeye hakupanda. Lilikuja jingine, hakupanda. Saa ya chakula muuguzi alienda kumrudisha. Matroni aliuliza babu anamngoja nani. Akaambiwa hakuna anayejua, labda hata yeye hajui.

Kesho yake tulimwona Matroni amekaa naye kwenye benchi. Babu alizungumza Kiswidi, Matroni alimjibu Kizanaki. Sio Kiswahili, Kizanaki, lugha ya kwao ambayo bwenini hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Mmoja akimaliza, mwingine anaitikia kwa kichwa na kuendelea. Wakati mwingine walicheka wote wawili. Nilimuuliza wanaongea nini.

"Ananieleza mambo yake na mimi namweleza yangu," alisema.

"Lakini hamuelewani, Matroni."

"Ndiyo maana tunaongea vizuri."

Alienda kwenye lile benchi kila siku ya kazi mpaka mwisho. Tuliporudi nyumbani watu walimuuliza juu ya ndege na magorofa, yeye akawasimulia juu ya babu wa benchi, na wao wakachoka kumsikiliza.

Nyangeta alikuwa akimhudumia bibi mmoja kwenye nyumba ile ile. Alimchana nywele, alimlisha, alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi kwenye maua. Hatukuona ajabu. Nyangeta alikuwa mpole hivyo kwa kila mtu. Kama alikuwa na mpango moyoni, hakuna hata mmoja wetu aliyeuona.

Siku ya kuondoka basi lilisimama mbele ya kanisa, mizigo imeshapakiwa, vijana wa pale wanalia kama walivyolia Musoma. Matroni alipanda, akasimama karibu na dereva, akatutazama. Akashuka.

Alianza kwa kuita kawaida, kama vile Nyangeta yuko kwenye bomba la maji. Halafu akaita kwa nguvu. Ule mji ulikuwa wa kimya. Katika wiki zote zile sikumsikia mtu akipaza sauti barabarani, hata mtoto. Na sasa Matroni, na koti lake la kuazima, anatembea katikati ya barabara akiita, "Nyangeta! Nyangeta we!" kama anavyoita mtu wa kwetu ng'ambo ya bonde. Mapazia yalisogea. Watu walisimama kwenye milango yao, hawakucheka, hawakuuliza, walitazama tu, na alipowakaribia waligeuza macho upande mwingine. Alipita mbele ya nyumba ya wazee, akaenda hadi kwenye duka la mkate, akarudi. Aliita mpaka sauti ikapasuka.

Mchungaji wa pale, mtu mwenye adabu nyingi, alimwambia kupitia mkalimani kwamba polisi watamtafuta, lakini ndege haingojei, na tiketi zikipotea wasichana wote watano watakwama. Matroni alimsikiliza hadi mwisho. Alisimama pale kwa muda, anatazama upande wa nyumba ya wazee. Kisha akapanda basi, akamwambia dereva kwa Kiswahili, "Twende," na dereva akaelewa.

Ndani ya ndege alikaa karibu na kiti kilichokuwa cha Nyangeta. Mwenzetu mmoja, Eliza, alitaka kuweka mfuko wake pale. Matroni aliuchukua ule mfuko akaupakata mwenyewe safari nzima.

Wazee wa kanisa Musoma walipendekeza watume wajumbe kwenda kumwambia mama yake Nyangeta. Matroni alikataa. Hata hakuoga. Alipanda lori la dagaa na mimi, tukaenda Murangi na vumbi letu la safari.

Mama Nyangeta alikuwa ameinama anageuza dagaa kwenye mchanga. Aliniona mimi kwanza, akatabasamu.

"Mkami, mmefika! Mwenzio yuko nyuma?"

Matroni alisogea mbele yangu.

"Mama Nyangeta, mwanao amebaki huko. Hakuniaga. Nimemtafuta sikumpata, nikarudi na hawa."

Mama yule aliendelea kugeuza dagaa. Aligeuza safu nzima. Halafu akanyooka.

"Ulimchukua hapa mlangoni."

"Ndiyo."

"Basi mrudishe hapa mlangoni."

Akachukua ungo wake akaingia ndani. Kwa miaka mingi sana hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho aliyomwambia Matroni.

Mjini maneno yalikuwa mengi zaidi. Wenyeji wetu Uswidi walitupakilia sabuni kwenye masanduku, kwa kuwa Matroni alipoulizwa tunahitaji nini alisema sabuni. Tuliigawa bwenini na kwa majirani. Haikuchukua muda watu wakaanza kuiita sabuni ya Nyangeta. Walisema Matroni amemuuza mtoto wa watu kwa miche ya sabuni. Na waliosema hivyo waliendelea kuja kuiomba. Nilimshuhudia mama mmoja akimsengenya Matroni kwenye ngazi za ziwani huku anafulia kipande hicho hicho, povu limemjaa viganjani. Matroni alisikia, akapita. Jioni alimpelekea kipande kingine.

Kanisa lilimwondoa bwenini kabla ya muhula kwisha. Hawakumfukuza kwa ukali. Walimwambia apumzike. Alipakia vitu vyake kwenye sanduku moja, akafunga mlango wa chumba, na nakumbuka aliuegemea kidogo kwa kiganja kabla ya kuondoka.

Mvua za kwanza zilipoanguka mwaka ule, nilikuwa likizo nyumbani Murangi. Asubuhi mama yangu aliniita nje. "Njoo uone. Yule si Matroni wenu?"

Alikuwa anashuka kwenye njia ya mbuzi, jembe begani, sketi ameipandisha kwa mkanda. Alipita kwetu bila kusimama, akaenda hadi kwenye shamba la mihogo la Mama Nyangeta. Mama Nyangeta alikuwa tayari analima upande wa juu. Matroni alianzia upande wa chini. Hakuomba, hakukaribishwa, hakufukuzwa. Kila mmoja alilima amempa mwenzake mgongo. Jua lilipokuwa kali, Mama Nyangeta alienda nyumbani, akarudi na kibuyu cha uji, akakiweka chini kwenye mpaka, akarudi kwenye tuta lake. Matroni alikunywa, akakifunika, akaendelea.

Alilala kwetu. Mama yangu alimuuliza usiku ule ule, na kila mara baada ya hapo, swali moja.

"Mmesemeshana leo?"

"Tumelima," alijibu Matroni.

Alilima hadi shamba likaisha, akarudi alikotoka. Msimu uliofuata akaja tena. Na mwingine. Alipalilia, alivuna mtama, alimenya mihogo na kuianika kwenye majabali. Kazi zote zile zilikuwa za Nyangeta. Mtoto wa kike ndiye anayemlimia mama yake aliyebaki peke yake. Watu wa kijijini walisema anafanya toba. Wengine walisema ameharibika akili. Mama yangu, ambaye hakupenda maneno mengi, alisema, "Yule ana deni la mlangoni," na hakufafanua.

Habari za Nyangeta zilikuja kwa barua ya yule mama mkalimani, baada ya misimu miwili. Alikuwa hai, anafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, anasoma jioni. Hakutaka kurudi. Matroni alisafiri hadi Murangi wakati usio wa kilimo ili tu kuzifikisha. Alisimama uani akamweleza Mama Nyangeta yote. Mama alitikisa kichwa kuonyesha amesikia, akaendelea kushona wavu. Matroni akageuka akaondoka.

Wakati huo alikuwa amehamia Bunda. Mambo ya nchi yalikuwa yamebadilika. Maduka yalijaa ghafla, kila mtu anauza kitu, na marobota ya mitumba yalishushwa stendi kila gulio. Matroni alipanga kibanda karibu na wanunuzi wa pamba, akauza makoti na sweta za Ulaya kwa wakulima waliotoka kuuza mavuno. Alikuwa mfanyabiashara wa ajabu. Mteja akivaa koti, yeye alimzungusha, akamtazama mgongo, akasema, "Hili halikufai, likuache." Watu walimwona mjinga, halafu wakagundua kwamba akikuambia linakufaa, linakufaa kweli, na wakarudi.

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule ya msingi Bunda, na kwa miaka ile nilimwona karibu kila Jumapili. Chumba chake kilikuwa kisafi na hakikuwa na kiti cha pili. Nilikaa kitandani, yeye kwenye kiti. Alikunywa chai bila sukari ingawa sukari sasa ilijaa madukani. Nilimwambia hata mimi mshahara wangu unaweza kumnunulia kilo moja. Alisema ameizoea chai ilivyo, na sukari inaifunika ladha yake.

Jambo moja la wakati ule lilikuwa linamkera kuliko matusi yote ya zamani. Watu walianza kumsifu. Nyangeta alikuwa amemtumia mama yake mabati, na nyumba ya Murangi ikawa inang'aa hadi ziwani. Wanawake waliomwita muuza watoto sasa walikuja kibandani, wakashika shika sweta, kisha wakainama: "Matroni, na huyu wangu, huwezi kumpeleka huko kama ulivyompeleka yule?" Siku moja Eliza alipita Bunda, amechoka, ana mtoto mgongoni na mwingine anamshika sketi. Aliangalia zile nguo kwa muda, akasema mbele yetu wote wawili, "Na mimi ungeniacha tu, Matroni. Ungeniacha na mimi."

Matroni alichagua sweta mbili za watoto, akazikunja, akampa. Eliza alipoondoka alikaa chini kwenye robota.

"Mkami," aliniambia, "unadhani mimi sikutaka kubaki?"

Nikakaa kando yake kwenye robota.

"Yule mama mkalimani alinisemesha. Walitaka mtu wa kukaa na wale wazee. Alisema ningepewa chumba kinachotazama lile benchi." Alikuwa anaikunja sweta ya mtu asiyemjua, anaikunjua, anaikunja tena. "Nilitaka sana. Siku zile tatu za mwisho sikulala. Halafu niliingia kwenye basi, nikaona Nyangeta ameshaniwahi. Tusingeweza kubaki wote wawili. Nani angewarudisha ninyi?"

Sijawahi kumsikia akilisema tena, na mimi sikumkumbusha.

Mama Nyangeta alikufa msimu wa palizi. Nyangeta hakuwahi mazishi. Nilienda na Matroni. Tulipofika, akinamama wa ukoo walikuwa wamekaa karibu na jeneza, na Matroni alienda kukaa nyuma kabisa, na wageni. Shangazi yake Nyangeta alinyanyuka, akamfuata, akamwambia, "Si huku," akamrudisha mbele. Wanawake walisogea. Alikaa mahali anapokaa binti, miguu ameinyoosha, hakulia. Siku ya pili walipotawanyika, alichukua jembe akamalizia palizi iliyobaki, peke yake, pande zote mbili.

Baada ya hapo alifunga kibanda Bunda, akarudi Butiama. Mimi nilihamishiwa Musoma, nikaolewa, na kumtembelea kukawa kwa nadra.

Nyangeta alikuja miaka mingi baadaye. Alinipigia simu kutoka hotelini Musoma, na sauti ilikuwa ile ile ingawa maneno yalitoka polepole, kama mtu anayetembea kwenye mawe bila viatu. Tulienda kwanza Murangi, kwenye kaburi la mama yake. Kisha akasema, "Nipeleke kwa Matroni."

Nilimwonya kwamba amezeeka. Hakuna aliyenionya mimi kwamba Nyangeta amezeeka pia. Nywele zake zilikuwa na mvi, na wakati wote alishikilia mkoba wake kwa mikono miwili.

Butiama ilikuwa imekua. Kulikuwa na ofisi za serikali, bodaboda zimepangana chini ya vibao, lakini ukitoka barabarani kidogo mawe makubwa yalikuwa pale pale na ng'ombe wanapita katikati yake. Tulimkuta Matroni uani anachambua ulezi. Macho yalikuwa yanamsumbua. Nilimwamkia, akaniitikia kwa jina, nikakaa kwenye mkeka kando yake. Kisha akamtazama mwenzangu kwa muda mrefu.

"Shikamoo, Matroni," alisema Nyangeta.

"Marahaba. Karibu."

Akainuka kwa shida, akaingia ndani, akatoka na kiti. Alikifuta kwa kanga, akakiweka kivulini, akamwonyesha Nyangeta. Kisha akanigeukia mimi: "Mkami, nenda jikoni ukachochee moto. Majani ya chai yako kwenye kopo."

Nikaenda. Jikoni nilimwona Nyangeta kupitia mlangoni, amekaa kwenye kile kiti mgongo wima, anatazama mkeka ambao mimi nilikuwa nimekalia. Machozi yalimtoka. Alikuwa amepewa kiti. Katika ua ule, anayepewa kiti na kufutiwa vumbi ni mgeni.

Tulikunywa chai. Matroni alimuuliza habari za safari, habari za kazi, kama ana watoto. Hakuwa na watoto. Alimuuliza kama yule babu wa benchi alikufa vizuri. Nyangeta alisema alikufa kwenye usingizi, kipupwe kilichofuata, na kwamba kabla ya kufa alikuwa bado anatoka kwenda kwenye benchi na kuacha nafasi kando yake. Matroni alitikisa kichwa mara nyingi.

Ndipo Nyangeta akasema, "Nilikusikia."

Matroni aliweka kikombe chini.

"Siku ile. Nilikuwa chumbani kwa yule bibi yangu wa nyumba ya wazee, nimekaa chini nyuma ya kitanda. Dirisha lilikuwa wazi. Nilikusikia unaniita ukienda, nikakusikia ukirudi. Bibi alikuwa amenishika kichwa."

"Najua ulinisikia," Matroni alisema. "Mji mdogo vile. Kama ungekuwa umedhurika, mtu angenijia mbio. Nilipoona wote wanatazama upande mwingine, nikajua uko ndani na unanisikia. Ndiyo maana niliweza kuondoka."

Nyangeta aliteremka kwenye kiti. Alikaa chini kwenye ulezi uliomwagika, na nguo zake nzuri, na Matroni hakumwinua wala hakumzuia. Alivuta ungo, akauweka kati yao. Walichambua pamoja mpaka ulezi ukaisha.

Jua lilipoinama alitusindikiza hadi barabarani, na fimbo, akituongoza kati ya mawe kwa kumbukumbu kuliko kwa macho. Tukiwa tumesimama kungoja gari, Nyangeta aliuliza swali ambalo nadhani ndilo lililomleta.

"Mama aliwahi kusema kitu juu yangu?"

"Mama yako hakuwa msemaji."

"Hata neno moja? Miaka yote ile mlilima naye."

Matroni aliegemea fimbo. "Mwaka mmoja mvua ilitukuta shambani, na radi. Tukakimbilia kwenye kibanda cha kulindia ndege. Padogo, tumebanana. Ilipiga moja karibu sana. Akaniuliza, 'Huko aliko kuna radi?' Akasema wewe unaogopaga radi tangu mtoto. Basi, ndilo neno alilonisemesha."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia huko hakuna radi kabisa."

Nyangeta alifunika mdomo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ipo, Matroni. Wakati wa kiangazi inapigaga sana."

"Najua ipo," alisema Matroni. "Ilipiga ile wiki tuliyofika. Ulikuja kulala sakafuni karibu na kitanda changu."

Hiace ya Musoma ilitokea kwenye kona. Aliisimamisha kwa fimbo yake, akasubiri konda afungue mlango, akatuambia tukae upande usio na jua.